Mtori wa Mzazi

Nilipunguzwa tumbo kwa kisu. Jambo hili nimelikana mbele ya mama yangu, mbele ya fundi cherehani aliyenipunguzia magauni, na mbele ya padri aliyeniuliza kwa heshima baada ya misa kama ninaumwa. Fundi nilimwambia ni mazoezi. Padri nilimwambia ni vidonda vya tumbo. Akaniombea palepale mlangoni mwa kanisa, na kwa kuwa nilikuwa nimeshadanganya, niliona nisiache kazi nusu, nikasema amina.

Nilikuwa na sababu ya kukana. Miaka michache kabla ya hapo niliandika makala gazetini kuwacheka wanawake wanaokwenda kukatwa matumbo badala ya kujikubali. Ilikuwa makala nzuri. Ina aya inayoufananisha mwili na nyumba ya urithi, na mpaka leo kuna watu hunisomea aya hiyo wakitaka kunifurahisha. Niliiandika nikiwa na kilo mia moja ishirini na nne, nimekaa kitandani, kwa sababu kiti cha mezani kwangu kilikuwa na mikono na mimi sikuenea tena katikati yake.

Fomu za hospitali zinasema nilikwenda kwa ajili ya goti na presha. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwa ajili ya kiti cha plastiki. Tulikuwa msibani, chini ya turubai, mguu mmoja wa kiti ukakatika, nami nikashuka chini taratibu kama mtu anayepiga magoti kusali. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama mmoja alileta viti viwili, akavipachika kimoja ndani ya kingine, akaniwekea, kisha akarudi kumenya ndizi. Nilikaa juu ya viti vyangu viwili hadi mazishi yakaisha, nimewazidi wenzangu urefu kwa vidole viwili, nikiwaza namba ya simu ya daktari.

Mama nilimwambia nakwenda semina Dar.

Mama yangu ana miaka sabini na nane. Anaishi juu mlimani, kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichoachiwa na baba, nyumba katikati ya migomba na kahawa. Mimi naishi Shirimatunda, chini, Moshi mjini, na kutoka kwangu hadi kwake si safari ya kumchosha mtu mwenye nia. Baada ya upasuaji sikuwa na nia. Kwa mama hakuna mtu anayeulizwa kama ana njaa. Unakaa, sahani inakuja, na kwa namna unavyoimaliza yeye anajua afya yako, mfuko wako na imani yako. Nilijua nikipanda na tumbo jipya nitagundulika kabla ya kijiko cha pili. Kwa hiyo nilimpigia simu kila Jumapili, nikamwambia kazi zimenibana.

Wiki ya kwanza nilikunywa maji kwa kijiko, kama mtu anayemnywesha kifaranga. Wiki ya pili nikapandishwa cheo hadi supu iliyochujwa. Wiki ya tatu mtaalamu wa lishe, binti ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, aliniambia kwamba sasa naruhusiwa vyakula vilivyopondwa. Akanisomea orodha yake: parachichi, mtindi, maharage yaliyosagwa. Nilimsikiliza huku nikishangaa jinsi mtu anavyoweza kusoma miaka yote hiyo Moshi asijue kwamba chakula alichokuwa akikitafuta kilishavumbuliwa na bibi zetu.

Mtori ni ndizi mshare zilizochemshwa na nyama hadi zikalegea, kisha zikapondwa na supu yake mpaka uwe mzito kama uji. Siku hizi unauzwa hata hotelini, lakini kwetu ni chakula cha mzazi. Mwanamke akijifungua hufungwa tumbo kwa kitambaa, hufunikwa asipigwe na upepo, na hulishwa mtori asubuhi na jioni hadi mashavu yamjae. Ni chakula cha mtu ambaye mwili wake umefunguliwa na bado haujajifunga sawasawa. Sifa zote hizo nilikuwa nazo.

Kusimama jikoni kulinishinda. Nikaelekezwa kwa mama lishe mmoja wa Pasua, mwanamke wa Kiislamu ambaye babu zake, kwa maelezo yake mwenyewe, walitoka pande tatu na hakuna aliyetoka mlimani. Hata hivyo mtori wake ulikuwa na sifa, na familia zenye wazazi zilimwagiza. Nilikwenda na hotipoti, saa saba mchana, nimevaa dera. Ndani ya dera nilikuwa nimefunga mkanda mpana wa tumbo niliopewa hospitali, na mkono mmoja niliuweka tumboni kwa sababu kila hatua ilikuwa inanikumbusha. Mama lishe aliniangalia mkono, akauangalia mkanda uliojichora kwenye kitambaa, akaiangalia hotipoti. Uso wake ukalainika.

"Hongera, dada yangu," akasema. "Mola akukuzie."

Nina miaka arobaini na saba. Sina mume na sijawahi kuzaa. Nafasi ya kumsahihisha nilikuwa nayo, na ilikuwa kubwa kabisa, maana alinyamaza akinisubiri. Lakini nilikuwa nimesimama muda mrefu, jua lilikuwa linanipiga kichwani, na maelezo yote niliyoyafikiria yalikuwa marefu kuliko nguvu nilizobakiwa nazo.

"Ahsante," nikasema.

Akanijazia hotipoti, akaongeza kijiko cha samli juu bila kuombwa. Nikarudi nyumbani nikiwa mzazi.

Nilikwenda kwake kila baada ya siku mbili, kwa wiki tatu. Kila mara alimuulizia mtoto. Nilimwambia anaendelea vizuri. Nilimwambia ananyonya. Siku moja aliuliza ni wa kike au wa kiume, nikasema wa kike, na njia nzima ya kurudi nilijiuliza kwa nini nilijibu haraka namna ile. Wala hakushangaa kwamba hakuna aliyeniona na mimba. Kwa mwili niliokuwa nao ningeweza kubeba mapacha hadi siku ya mwisho na watu wangedhani nimeongeza ndizi.

Wiki ya saba nikaambiwa nianze vyakula vigumu. Nilikuwa nimeisubiri wiki hiyo kama mwanafunzi anavyosubiri likizo, na ilipofika nikakuta ni mtihani mwingine. Masharti yalikuwa haya: kisahani cha kikombe, si sahani, tonge dogo kama ukucha, utafune mara thelathini, uweke kijiko chini kati ya tonge na tonge, usinywe maji hadi nusu saa baada ya kula. Ukisikia umeshiba, acha, hata kama kilichobaki ni tonge moja.

Nilidhani kushiba nakujua. Sikuwa nakujua. Kwa miaka arobaini na saba nilikuwa nasikia kushiba kwa masikio, pale mtu anaposema chakula kimekwisha. Sasa kushiba kulinijia kwa njia ya pua. Kabla tumbo halijasema lolote, pua ilianza kuchuruzika, halafu ikaja kwikwi moja. Hiyo ndiyo kengele. Ukiipuuza kwa tonge moja tu, kifua kinabana, mdomo unajaa mate yenye povu, na unakimbilia sinki. Yai la kuchemsha lilipita. Samaki alipita. Ugali wa kijiko kimoja ulivimba ndani yangu ukakaa kama mgeni asiyeaga. Wali sikuuthubutu, ingawa shemeji yangu analima mpunga Chekereni na alikuwa ameniletea gunia, nikawa nalipita pale stoo bila kuliangalia usoni.

Watu hufikiri kinachochosha ni njaa. Njaa sikuwa nayo. Kilichonichosha ni kazi. Kula yai moja kulinichukua dakika ishirini na tano, peke yangu mezani, nahesabu ninavyotafuna. Kufikia ishirini akili inahama, unasahau umefika wapi, unaanza upya. Mchana ukimaliza kuosha kisahani ni wakati wa kufikiria jioni. Zamani nilikuwa nakula huku nasoma, naandika, naongea na simu. Sasa nilikuwa nakula tu, na nikagundua kwamba chakula peke yake ni mazungumzo mafupi sana.

Katika wiki hiyohiyo ulikuja mzigo. Kuna mwanamke wa kijijini kwetu anayeshusha ndizi kuziuza Pasua, na mteja wake mmoja, jambo ambalo sikulijua, alikuwa mama lishe wangu. Mwuza ndizi huyo alifika kwangu Jumanne asubuhi na mkungu wa mshare kichwani, kibuyu cha maziwa mgando, kopo la samli, na kifurushi kilichofungwa kwa khanga. Hakutaka kukaa. Alisema mama ananisalimu na anasema nisitoke nje ovyo, kuna upepo. Alichungulia kidogo mlango wa chumba cha kulala, kwa adabu, kisha akaondoka.

Nilifungua khanga mezani. Ndani kulikuwa na shali la mtoto, la sufu, lililokuwa jeupe zamani. Nililifahamu. Limetufunika sisi saba, mmoja baada ya mwingine, na mimi ni wa tatu.

Nililikunja nikalirudisha kwenye khanga. Halafu nikalikunjua tena.

Jioni hiyo mama alipiga simu. Hakuuliza kuhusu mtoto. Watu wa umri wake hawaulizi. Mtoto asiye na baba aliyetajwa husubiriwa atajwe na mamaye. Alisema tu kwamba yule mbuzi wa bandani, aliyehasiwa na kunenepeshwa tangu mwaka jana, atachinjwa Jumamosi ya wiki inayofuata, na kwamba nikiweza nipande. Kwetu mzazi huchinjiwa. Huwekewa supu, hupikiwa damu na maziwa na samli, na hupewa nyama yake ya kwanza mbele ya wanawake wa nyumba, wote wakimwangalia anavyotafuna ili wajue nguvu zimerudi.

Nilitakiwa kusema wakati huo. Nilisema, "Ahsante, Mama."

Nikabaki na siku kumi na moja. Mtu mwenye akili angezitumia kutafuta maneno. Mimi nilizitumia kufanya mazoezi ya nyama. Niliamua, kwa mantiki ambayo chuo kikuu hakina lawama nayo, kwamba nikiweza kula kipande cha mbuzi mbele ya watu bila kukimbilia nje, mengine yatajipanga yenyewe. Nilinunua nusu kilo. Nikachemsha kwa saa mbili, nikakata kipande kama punje ya mahindi, nikatafuna thelathini, nikameza. Nilisubiri. Pua kimya. Kipande cha pili nilikitafuna ishirini na mbili kwa tamaa, na hicho kilikwama. Nilisimama kwenye sinki robo saa, nimeshika bomba kwa mikono miwili, povu likinitoka, nikifikiri jinsi wanawake wa jumuiya ya kanisa kule kijijini watakavyoniangalia nikifanya hivi kwenye migomba ya mama.

Siku ya pili nilikisaga kwanza. Siku ya nne niliacha kusaga. Nilijifunza kwamba nyama ya shingoni ni rafiki kuliko ya paja, kwamba asubuhi tumbo limebana kuliko mchana, kwamba nikiwa na hasira hakuna kinachopita.

Na wakati natafuna, nilikuwa natunga. Nitasema mtoto yuko kwa yaya, ana mafua. Nitasema baba yake amemchukua Dar. Baada ya siku nne za kutunga nilijikuta, katikati ya tonge, nikifikiri kwamba rahisi kuliko yote ni kusema hakuishi. Niliweka kijiko chini. Nilikuwa nimefika mahali pa kumzika mtoto ambaye hakuzaliwa, ili mama yangu asijue kwamba nilikuwa nakula sana. Nilimlilia kidogo, nakiri. Nilikuwa nimeshamwambia mama lishe ni wa kike.

Tangu hapo sikutunga tena, lakini simu ya kumwambia mama ukweli vilevile sikuipiga. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo kulala hakukuisaidia. Nilikula, nikahesabu, nikaosha kisahani.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mbuzi, nilimaliza vipande vitatu. Vitatu, bila kwikwi, bila povu, kwa dakika thelathini na tano. Nilikuwa bado nimekaa pale mezani, najivunia kama mtu aliyepanda hadi kileleni, simu ikaita. Ilikuwa saa tisa mchana na alikuwa mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unafanya nini?"

Nikasema nakula.

"Unakula nini?"

Nikasema nyama ya mbuzi. Nyuma yake nikasikia kuku, na mtu akikata majani ya ng'ombe.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimezaa saba. Nyumba yenye mtoto haina kimya kama hicho. Wiki zote hizi unanipigia, nami nakupigia, asubuhi, mchana, jioni, sijasikia hata siku moja mtoto akilia. Huna mtoto."

"Sina, Mama."

"Tangu simu ya kwanza baada ya kusikia umezaa, nilijua. Ndiyo maana nikakutumia shali. Nikasema akiliona atasema. Ukaniambia ahsante."

Niliangalia kisahani.

"Sasa niambie," akasema, na sauti yake ikawa ndogo, sauti ambayo niliisikia mara ya mwisho wakati baba amelazwa. "Mtu anakula mtori, amefungwa tumbo, anajificha nisimwone. Ni saratani?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa amekibeba. Mimi nilikuwa nikihangaika na mtoto ambaye hakuwepo, na yeye huko juu, wiki zote hizo, alikuwa ananizika mimi.

"Hapana, Mama. Si ugonjwa. Nilikwenda hospitali wakanipunguza tumbo. Ili nikonde."

Nikaangalia simu kama imekatika.

"Walikukata," akasema taratibu, "ili usile."

"Ili nile kidogo."

"Na wewe ndiye uliyewaomba."

"Mimi."

Alishusha pumzi. Sikujua kama ni hasira au ni mtu anayetua mzigo. Alisema kitu kwa Kichaga, si kwangu, labda kwa Mungu, labda kwa ng'ombe. Halafu akaniuliza nyama inapita vipi. Nikamwambia vipande vitatu, vidogo kama punje ya mahindi, na natafuna mara thelathini. Akauliza ya sehemu gani. Nikasema ya shingo. Akasema shingo ni sawa, lakini nijaribu na maini, yanateleza. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza, tangu siku ya upasuaji, swali kuhusu chakula ambalo halikuwa limeandikwa kwenye karatasi.

Kisha akaniambia kwamba jumuiya wameshaleta sukari, sabuni na khanga mbili, na vyote viko chumbani kwake havijafunguliwa.

"Jumamosi watakuwepo," akasema. "Utawarudishia mwenyewe, na utawaambia mwenyewe."

"Nitawaambia."

"Na yule mama wa Pasua pia. Alikuwekea samli bure."

"Naye nitamwambia, Mama." Halafu, kwa sababu mdomo wangu haujui kukaa, nikamuuliza kama kweli atachinja mbuzi mzima kwa ajili ya mtu wa vipande vitatu.

"Wa kula wapo wengi," akasema. "Wewe njoo ukae." Akakata simu.